Uso Kwanza, Kanzu Baadaye: Picha za Sura kwa Filamu Nyeusi na Nyeupe Inayosafishwa Maabara ya Rangi

Hotuba kwa wapiga picha na wanafunzi wa upigaji picha, Tanga

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu, wapiga picha wenzangu wa hapa mjini na mliotoka Pangani na Muheza, nanyi vijana mliokuja na kamera za baba zenu: asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba ruhusa niingie moja kwa moja katika jambo nililoitiwa, nalo ni upigaji wa picha za sura kwa filamu nyeusi na nyeupe ambayo husafishwa kwa dawa za picha za rangi.

Naanza na msimamo wangu, ili atakayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Naamini kwamba kwa mpiga picha wa pwani hii, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupiga watu weusi waliovaa nguo nyeupe chini ya jua kali, ni vigumu kupata filamu inayomfaa kuliko hii. Naamini pia kwamba wengi wetu tuliishika tukaitumia kinyume cha inavyotaka, kwa sababu tuliihofia kanzu kuliko tulivyoujali uso.

Kwanza tuelewane ni filamu ipi. Katika filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, kama HP5 Plus ya Ilford au Tri-X ya Kodak, picha imeundwa kwa madini ya fedha. Mwanga ukishaigusa filamu, dawa ya kusafishia huzigeuza chumvi za fedha zilizoguswa kuwa fedha halisi, nyeusi, na hiyo ndiyo tunayoiona kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ambamo palipopata mwanga mwingi hutoka peusi na palipokosa mwanga hubaki wazi. Filamu ninayoizungumzia huanza vivyo hivyo, ila haiishii hapo. Ndani ya utando wake zimo kemikali zinazozaa rangi. Dawa inapozigeuza chumvi kuwa fedha, ile dawa iliyokwisha kufanya kazi huungana na kemikali hizo na kuacha vidoa vidogo sana vya rangi palepale ilipo fedha. Kisha dawa ya kupausha na fiksa huiondoa fedha yote, na kinachobaki kwenye mkanda ni rangi tupu iliyopangika kwa umbo la picha. Hivyo ndivyo filamu ya rangi inavyofanya kazi, tofauti ikiwa kwamba hapa rangi zimechanganywa ili jicho lione kijivu na weusi. Kwa sababu hiyo mkanda huu huingia katika mashine ileile, kwa utaratibu uleule wa C-41 ulioletwa na Kodak mwaka 1972: dakika 3 na sekunde 15 katika dawa yenye joto la karibu nyuzi 38, ukifuatana na mikanda ya harusi na ya ubatizo ya watu wengine, bila fundi kulazimika kubadilisha chochote.

Ilford walileta XP1 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikafuatiwa na XP2 mwaka 1991, na hii iliyopo leo ni XP2 Super. Kodak nao walikuwa na BW400CN, wakaacha kuitengeneza mwaka 2014. Kabla ya kuupeleka mkanda wowote maabara ya rangi, usome kibweta chake: pameandikwa C-41 au hapakuandikwa? Ukipeleka HP5 kwa makosa, dawa ya kupausha na fiksa zitaiondoa fedha yake yote, na kwa kuwa hakuna rangi iliyozaliwa kuchukua nafasi yake, utarudishiwa ukanda mtupu, na picha zako haziwezi kurudi kwa njia yoyote.

Sasa niingie kwenye kiini. Aliyejifunza kwa filamu ya fedha alifundishwa kwamba mwanga ukizidi, chenga, yaani zile punje ndogo zinazoonekana kwenye picha, nazo huzidi, na kwamba weupe ukishajaa kwenye negativu hauna dawa. Kwa filamu hii inabidi ageuze sehemu kubwa ya mafunzo hayo. Mahali palipopata mwanga mwingi, vidoa vya rangi huwa vingi hadi vinapandana na kufunikana, na chenga hupotea. Mahali palipopata mwanga kidogo, vidoa huwa vimetawanyika, kila kimoja peke yake, na hapo ndipo chenga zinapoonekana waziwazi. Kwa maneno mengine, chenga za filamu hii hukaa kwenye vivuli, na mkipiga mtu mweusi kwa mwanga haba mtakuwa mmeuweka uso wake hukohuko kwenye vivuli. Mashavu ya bibi harusi yatatoka kama yamepakwa mchanga, na ukuta ulio nyuma yake utatoka laini kabisa.

Kiwandani imeandikwa ISO 400, kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga (namba ikipungua, filamu hupewa mwanga zaidi), na Ilford wenyewe wanasema mkanda mmoja wa XP2 Super unaweza kupigwa kuanzia 50 hadi 800 bila kubadilisha muda wa kusafisha. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini nimewaona vijana wakiichukua kama ruhusa ya kutojali. Ukiipiga kwa 800 picha itatoka, sawa, ila kivuli chake ni chembamba, na uso mweusi ndio unaolipa. Mimi huweka 200 kwenye kamera na kusahau kwamba 400 ipo.

Naomba tukae kidogo kwenye mfano mmoja, maana humu ndimo kazi ilimo. Mzee amekaa barazani kwake Ngamiani, saa tatu asubuhi, jua halijamfikia. Amevaa kanzu nyeupe yenye darizi shingoni na kofia ya viua, na nyuma yake ni ukuta uliopakwa chokaa. Ukiielekeza mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, kwenye mandhari yote, nayo imewekwa 200, huenda ikakuambia tundu la lenzi f/8 kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Mita haijui kwamba kuna mzee. Imetengenezwa ikidhani kwamba kila iliyoonyeshwa ni kijivu cha wastani, kwa hiyo ikiona chokaa, kanzu na kofia, huamua kwamba pana mwanga mwingi kupita kiasi, nayo inafunga tundu. Sasa sogea karibu, mwombe mzee radhi, uilete kamera hadi uso wake ujaze kioo chote, kisha usome tena. Utaambiwa f/2.8 kwa kasi ileile. Kati ya f/8 na f/2.8 pana hatua tatu kamili za mwanga, kila hatua ikiwa ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu, yaani uso wa mzee ulikuwa unaelekea kupata sehemu moja ya nane ya kile ambacho mita yenyewe ingempa kama ingemtazama.

Nimewahi kuziweka negativu mbili za namna hiyo juu ya meza yenye taa, moja imepigwa kwa kusoma mandhari yote na nyingine kwa kusoma uso. Katika ile ya kwanza, kanzu imetulia vizuri, ila mahali pa uso filamu inakaribia kuwa wazi; taya imeungana na shingo, sikio halipo, na macho ni nukta mbili. Katika ile ya pili kanzu imekuwa nzito na nyeusi kwenye negativu, kiasi kwamba mtu aliyezoea filamu ya fedha angeitupa. Lakini ukiinama na kioo cha kukuzia utaiona darizi ya shingoni, uzi kwa uzi, na mkunjo wa begani upo. Na usoni mna kila kitu, mikunjo ya pembeni mwa macho, ndevu zilizonyolewa juzi, alama ya sijda kwenye paji. Filamu hii inapopata mwanga mwingi haigoti ukutani ghafla. Inazidi kupokea polepole, na fundi akiwa na subira anaweza kuiteremsha kanzu hiyo kwenye karatasi. Uso ambao haukuandikwa kwenye negativu, hakuna fundi wala kompyuta ya kuurudisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: weka 200, soma uso peke yake, shika namba ulizopata, rudi mahali pako, usiziguse tena hata mita ikipiga kelele. Mita itakuwa imeuchukulia uso mweusi kama kijivu cha wastani, hivyo itaupa mwanga wa ziada wa kama hatua moja, na ukijumlisha na ile hatua uliyoitoa uliposhuka kutoka 400 hadi 200, utakuwa unafanya kazi kama kwenye 100. Filamu iko mahali inapopapenda. Anayevaa buibui jeusi na kusimama mbele ya mlango wa mbao nyeusi hana tatizo hili, kwa sababu mita itafungua yenyewe. Kanzu na chokaa ndizo zinazoidanganya.

Kuhusu saa za kupiga sina mengi. Tanga iko kusini kidogo tu ya ikweta, na mchana jua hutusimamia utosini likayajaza macho ya watu vivuli, hasa wenye kofia. Pigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na katikati ya hapo mpelekeni mtu barazani.

Barazani, ngozi nyeusi inaomba utazamaji wa namna yake. Ngozi nyeupe huonyesha umbo la uso kwa vivuli: shavu hili lina mwanga, lile lina giza. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao zaidi, ule mwanga wa anga unaoteleza juu ya paji, juu ya mfupa wa shavu na ubavuni mwa pua. Kwa hiyo mtafutieni mtu mwanga mpana unaotoka upande mmoja, kama uwazi wote wa baraza unaoelekea barabarani, kisha mgeuzeni taratibu hadi mng'ao huo uichore sura. Karatasi ya manila nyeupe ikiwekwa mapajani, nje ya picha, itainua kivuli cha chini ya kidevu. Sinia la alumini sikulipenda, linarusha mwanga mkali kama wa kurunzi na kumfanya mtu afumbe macho. Na nawasihi wenye studio waiache ile desturi ya kumpaka kila mteja poda. Jasho lifutwe, ndiyo, maana hali ya hewa yetu haina huruma, lakini poda hufuta mng'ao, na mng'ao ukifutwa uso wa mtu mweusi hubaki bapa.

Ninalo jambo la turubai, ambalo kila aliyewahi kupiga harusi hapa analijua. Watu wameketi chini ya turubai la buluu au la kijani, na mwanga wote unaowafikia umepita humo. Kwa filamu ya rangi, bwana harusi anatoka kama mgonjwa, na fundi akiirekebisha ngozi, kanzu inageuka waridi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe, rangi ya turubai haionekani, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kubeba mkanda mmoja wa aina hii kwenye mfuko wa harusi. Ila msidhani turubai halina athari tena. Ngozi yetu hurudisha zaidi mwanga mwekundu na wa machungwa, na turubai la buluu limeuchuja mwanga huo usifike; kwa hiyo chini yake uso hupiga giza kuliko macho yanavyotuambia, kwa sababu macho yetu huzoea haraka. Ongezeni hatua nzima. Nje ya turubai, mwenye kichujio cha machungwa mbele ya lenzi atapata kinyume chake: ngozi itang'aa na mabaka yatapungua, kwa gharama ya hatua moja na zaidi ya mwanga. Kichujio cha kijani sikipendekezi kwa sura za kwetu, kwani kinaitia ngozi giza na kukuza kila kipele.

Mkanda ukishapigwa vizuri, tunafika maabara, na hapa lawama zimekuwa nyingi kuliko mazungumzo. Nimeletewa picha za XP2 zilizochapishwa kwenye maabara moja zikiwa na rangi tatu tofauti katika bahasha moja: nyingine za kahawia, nyingine za kijani, na moja ya zambarau. Mwenye nazo alikasirika akasema filamu ni mbovu. Filamu haikuwa mbovu. Karatasi ya maabara ya rangi ina tabaka tatu za rangi, na ili itoe kijivu safi lazima tabaka hizo zilingane sawasawa. Mashine ikiachwa ijiamulie picha kwa picha, itatafuta rangi ambayo haipo na kusukuma huku na huko. Negativu za rangi zina utando wa machungwa ambao mashine imezoea kuufidia. BW400CN ilitengenezwa na utando wa namna hiyo, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kwa mashine. XP2 Super haina, na ndiyo maana huipotosha mashine, ingawa kwa sababu hiyohiyo ni rahisi zaidi kuichapisha kwa mkono kwenye karatasi ya kawaida ya nyeusi na nyeupe.

Dawa yake ni kuzungumza na fundi kabla hajaanza. Kama mashine yake huisoma negativu kwa skana ndipo ichapishe, mwombe aziondoe rangi zote kabla ya kuchapisha, ni jambo la kubonyeza tu. Kama ni mashine ya zamani inayochapisha kwa mwanga wa taa moja kwa moja, mwombe achapishe picha moja ya majaribio, mwangalie pamoja nje, kwenye mwanga wa mchana na si chini ya taa ya tyubu, mkubaliane, kisha azifunge namba za rangi alizotumia kwenye picha hiyo kwa mkanda mzima. Ikiwa haiwezekani kupata kijivu safi, chagueni rangi moja ya kahawia hafifu na ibaki hiyohiyo kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Mteja ataipokea bahasha yenye rangi moja. Yenye rangi tatu ataikataa, na atakuwa na haki.

Kuna historia nyuma ya uzembe huu wa mashine ambayo sipendi tuinyamazie. Kwa miongo mingi mafundi wa maabara za rangi walipima usahihi wa mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, iliyotolewa na Kodak. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye kadi. Inasimuliwa na waliofanya kazi Kodak kwamba msukumo mkubwa wa kuziboresha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa wapiga picha za matangazo ya chokoleti na ya samani za mbao. Nalisema hili mbele ya vijana ili wajue kwamba wazazi wao hawakuwa na sura mbaya katika zile picha za rangi za zamani. Na ndiyo sababu nyingine ya mimi kuipenda filamu hii ndani ya maabara ya rangi: unatumia dawa zilezile na mashine zilezile, lakini swali la ngozi iwe rangi gani limeondolewa mezani, na linabaki swali la mwanga kiasi gani, ambalo jibu lake liko mikononi mwako.

Wakongwe wa studio walikuwa na jibu hilo mikononi mwao mwanzo hadi mwisho. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na Seydou Keïta aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, ambaye alipiga uani kwa mwanga wa jua na kutundika vitambaa vya maua nyuma ya watu, hawa walikuwa wa enzi ya filamu ya fedha na chumba cha giza, na uso ukitoka mweusi mno mpiga picha alirudi mwenyewe kuuchapisha upya. Sisi tuliohamia maabara ya rangi tulipata wepesi na tukaacha chumba cha giza. Kwa hiyo ule uamuzi waliokuwa wakiufanya mara mbili, sisi tunaufanya mara moja, mbele ya mtu, kwa mita.

Kuhusu utunzaji, nitasema machache lakini yazingatiwe. Picha ya rangi tupu huchuja kadiri miaka inavyopita, na joto na unyevu huiharakisha; negativu ya fedha iliyosafishwa vizuri hudumu zaidi. Kwa mji ulio kando ya bahari kama huu, msiziache negativu za C-41 kwenye bahasha za nailoni juu ya kabati. Zikatwe vipande vya picha sita sita, zitiwe kwenye majani yake ya kuhifadhia, ziwekwe kwenye kopo linaloziba pamoja na vifuko vya kufyonzea unyevu, chini na mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kisha ziskaniwe mapema. Filamu hii ina faida moja hapo: kwa kuwa haina fedha, skana zenye mwale wa infraredi wa kutambua vumbi huisafisha vumbi na mikwaruzo bila kuiharibu picha, jambo ambalo kwa HP5 haliwezekani. Na anayeutuma mkanda ambao haujasafishwa kwa basi, amkabidhi kondakta mkononi na kumwomba auweke ndani, usikae kwenye buti karibu na injini, na juu ya kifurushi aandike kwa herufi kubwa: C-41, NYEUSI NA NYEUPE, USIBADILISHE MUDA.

Bwana mwenyekiti, nimeona vijana kadhaa wamekuja na negativu zao. Kwa ruhusa yako, badala ya kupokea maswali tukiwa tumekaa, naomba tuhamie kwenye ile meza yenye taa, tuanze na za yule binti wa mstari wa pili ambaye ameniambia mlangoni kwamba nyuso za mikanda yake yote miwili zimetoka giza. Nataka atuambie alipima wapi.